Pishi ya Bwana Mbaruku

Sogeeni niwape ya Siwatu, mpika vitumbua aliyesema hadharani kwamba pishi anayopimia mchele Bwana Mbaruku inapunja watu. Tajiri huyo alimburuta mpaka kwa kadhi.

"Amenichafulia jina! Anilipe pishi kumi za mchele, la sivyo asikanyage tena sokoni."

"Kama ulisema kweli, huna kosa," kadhi alimwambia Siwatu. "Shahidi wako nani?"

Siwatu aliwageukia wanunuzi waliokuja kusikiliza. Wote waliinamisha macho, maana walimwogopa tajiri.

"Sina, Shehe. Basi nitalipa hapa hapa."

Bwana Mbaruku alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ulimi umekuponza, mwanamke!"

Siwatu alikwenda kuleta gunia lake, na njiani akapita dukani kwa tajiri kuazima pishi. Aliporudi alianza kuchota. "Moja... mbili..."

Bwana Mbaruku aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Ala! Usinipimie kwa hiyo! Hiyo ni ya kuuzia, ya kupokelea iko nyumbani!"

Siwatu alifunga gunia lake taratibu.

"Shehe," alisema, "shahidi wangu ndiye huyo."