Mfinyanzi na Kibao Chake

Mwanamke mmoja wa milima ya Upare alikuwa na chungu cha kuokoa watu, na watu hawakujua. Jina lake Nakijwa, mfinyanzi, binti wa wafinyanzi. Alikanda udongo pamoja na pumba za mpunga, akauchoma hadi pumba zikaungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji machafu yakimiminwa humo yalidondoka chini yakiwa safi, tone kwa tone. Ilimchukua miaka minne, na vyungu vingi vilimpasukia tanurini, lakini hatimaye alipata. Wataalamu wa maji walipima, wakasema ni kweli.

Kijiji chake kilikunywa maji ya mfereji. Kila masika mfereji ulishuka na uchafu wa malisho na wa vyoo vya juu, na kila masika watu waliugua matumbo. Nakijwa aliyajua hayo. Alipomaliza kupanga vyungu barazani, alijiambia kwamba kitu kizuri namna ile kinastahili maneno makubwa. Akamwendea Bwana Mgonja, karani mstaafu aliyewahi kuandika hotuba za wakubwa mjini, amwandikie tangazo.

Bwana Mgonja aliandika kwa moyo wote. Kibao kikasimikwa njia panda, herufi za buluu juu ya ubao mweupe: TEKNOLOJIA BUNIFU YA UCHUJAJI WA KAURI KWA USTAWI ENDELEVU WA KAYA. Watu walisimama, wakasoma, wakaguna kwa heshima. Mchungaji wa kanisa alikisifu. Nakijwa mwenyewe alipopita pale alipunguza mwendo, apate kukitazama tena. Lakini hakuna aliyebisha hodi kwake. Buibui wakaanza kutanda ndani ya vyungu, naye akawalaumu watu kwamba hawapendi maendeleo.

Masika yakaja. Wiki ya pili akasikia kwamba Bi Namkunda, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, yuko zahanati na mjukuu wake. Namkunda ndiye aliyempokea Nakijwa siku aliyozaliwa. Nakijwa akapika uji, akaubeba, akaenda. Alimkuta mtoto amelala na dripu mkononi, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Bibi yake, naye mgonjwa, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea kwa upindo wa kanga.

Nakijwa alishindwa kunyamaza. "Mama, chungu cha kuzuia haya kiko barazani kwangu. Kibao nimekiweka tangu Desemba. Hukukiona?"

"Nilikiona, mwanangu. Nilikisoma kila siku nikienda kuteka maji," Namkunda alijibu, bila ukali wowote. "Nilidhani unazungumza na serikali."

Nakijwa aliweka uji chini. Alirudi kwa miguu huku mvua ikimnyeshea, na hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi njia panda, akakishika kibao kwa mikono miwili, akakitikisa hadi kikang'oka. Bwana Mgonja alipopata habari alimfuata na kumwonya kwamba akiandika kama watu wanavyopiga soga, atajishusha. Nakijwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kusugua herufi za buluu kwa mchanga.

Kuandika kwa maneno mepesi kulimshinda kuliko kufinyanga. Asubuhi nzima sentensi zilimjia zimevaa tai. Kwa hiyo Namkunda aliporudi nyumbani, mtoto akiwa hai mgongoni mwake, Nakijwa alimfuata na karatasi. Safari hii hakwenda kueleza. Aliuliza: mkiwa mferejini mnasemaje juu ya maji haya? Mtu akikuletea chungu kigeni, unataka kujua nini kwanza? Kisha akaandika na kumsomea, na Namkunda akasikiliza huku akichambua maharage. Mkono wa mama yule uliposita juu ya ungo, Nakijwa alijua neno hilo halijafika, akalifuta. Ikaenda kauri. Ukaenda ustawi. Namkunda akauliza kama chungu kikidondoka kinavunjika. Kinavunjika. "Basi waambie," akasema. Hilo lilimuuma Nakijwa, lakini akaliandika pia. Karatasi saba ziliharibika. Ya nane ndiyo aliyoinakili kwenye ubao uleule, akausimika tena njia panda.

Sasa kibao kilisema hivi: Maji ya mfereji yanawaumiza matumbo? Mimina humu asubuhi, mchana unywe. Chungu hiki hakitaki kuni wala dawa. Ukikidondosha kitavunjika, kiweke mahali pa salama. Njoo uonje maji kwanza. Mimi Nakijwa, nyumba yenye mlango wa kijani.

Siku ileile mwanamke mmoja alipiga hodi, na hakuja kusifu. Alikuja kubisha, akidai kuona kwa macho yake. Nakijwa alimchotea kikombe, akanywa, akaomba kingine. Kesho yake walikuja watatu, wenye maswali ambayo kibao hakikuyajibu, na jioni Nakijwa akaongeza mstari mmoja. Hivyo ndivyo alivyofanya mwaka mzima. Swali likiulizwa mara tatu, alilipeleka kibaoni, na neno lililomkwaza mtu alilitoa, hata kama yeye alilipenda. Wapo ambao hawakuja, na hadi leo wanakunywa ya mfereji. Bwana Mgonja alipita akasoma, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini masika yaliyofuata, kwenye nyumba zaidi ya arobaini, watoto waliamka wazima na kwenda shule.

Basi wewe uliyejaliwa kitu cha kumfaa jirani yako, unapokaa kuandika habari zake, nani yuko mbele ya macho yako: ni yeye mwenye kiu, au ni sura yako mwenyewe?