Bi Shinuna Alikaribisha Zimwi

Kichakani kulikuwa na wachawi watatu, na hodari wa kushindwa kuliko wote alikuwa Bi Shinuna. Ungo wake uliishia juu ya banda la kuku, na dawa yake ya mapenzi ilileta kwikwi tu.

Asubuhi moja likaja zimwi jeusi tii, hata jua likafifia. "Nimekuja kuwameza!" likanguruma. Wachawi wenzake wakamsukuma Bi Shinuna mbele.

"Bwana mkubwa," akasema, "uchawi wangu haumtishi hata panya, sikuzuii. Ila umekuja kama mwizi au kama mgeni?"

"Mimi mwizi?" Zimwi likafura. "Mimi ni mgeni wa heshima!"

"Utafuata ada ya mgeni?"

"Naapa!" Na zimwi likivunja kiapo hupasuka.

"Basi karibu. Kula kwanza, sisi tumekonda."

Likala, likalala, likaamka, likala tena. Bi Shinuna alipika, wali ukaungua, akaomba radhi kila sahani. Siku ya tatu zimwi likajinyoosha. "Sasa nawameza."

Bi Shinuna akalikabidhi jembe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndiyo ada, nawe umeapa. Konde ni lile, mpaka mlimani."

Adhuhuri zimwi likarudi na malengelenge viganjani, sauti imenywea. "Mama, naomba kuaga."

Likaenda moja kwa moja. Wachawi wenzake wakamzunguka Bi Shinuna. "Shoga, huo uchawi gani?"

"Uchawi nitoe wapi? Hayo nilifundishwa na mama mkwe, siku ya tatu ya harusi yangu."