Mbodze na Kinu Kitupu

Paukwa!
Pakawa!

Basi, hapo kale palikuwa na zimwi, akavaa ngozi ya mtu, akajiita Ngumbao, akamwoa Mbodze. Mchana alikuwa mume mpole, anaamkia wazee kwa adabu. Jioni anaivua ile ngozi, mkia unatoka, anampiga mkewe, naye Mbodze anajikaza asilie. Ila alikuwa na mwiko: watu wakisikia kilio cha mkewe, ngozi haimwingii tena.

Siku moja akaleta mke wa pili, Umazi, bado binti mbichi kabisa. Jioni akamwambia Mbodze, "Mke mkubwa, twanga! Twanga kwa nguvu!"

Mbodze akatwanga. Twa! Twa! Twa! Kule ndani Umazi, akipigwa, akalia, "Dada, unatwanga nini?"

"Mahindi, mwenzangu."

Majirani wakasikia mchi tu. Tena wakamsifu, "Mke mkubwa huyu hachoki!" Mbodze akaona haya, lakini moyoni alishukuru kwamba leo si yeye.

Siku ya pili, twanga! Twanga kwa nguvu!

"Dada, unatwanga nini?"

"Mtama, mwenzangu."

Wewe unayecheka huko, nyamaza. Kinu hakikuwa na kitu.

Siku ya tatu, twanga! Twanga kwa nguvu! Sauti ya Umazi ilikuwa inakatika. "Dada, unatwanga nini?"

Mbodze akachungulia kinuni. Hakuna hata punje. Aibu ikamshika.

"Sitwangi kitu!" akapiga kelele, akautupa mchi.

Basi, kilio kikasikika kijiji kizima. Majirani wakaja mbio, wakavunja mlango. Zimwi akaivuta ngozi yake huku, akaivuta huku, haikumwingia. Akakimbilia porini na mkia wake, hakuonekana tena.

Umazi akatolewa nje akiwa hai, mkono umevunjika. Mzee mmoja akauliza, "Siku zote hizi, mbona hatukusikia?"

Mbodze angeweza kudanganya. Akainama, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nawaziba masikio."

Kesho yake Umazi akarudi kwao. Alipompita Mbodze hakumuaga, na Mbodze hakuthubutu kuinua uso.

Hadithi yangu naiacha papo hapo. Wanangu, mkisikia mtu anapigwa, piga kelele. Anayemfichia mpigaji naye amepiga.