Kurumbiza na Mto wa Mchanga

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio mnayo?

— Tunayo!

Basi yategeni vizuri, maana hadithi ya leo si ya kuchekesha. Ni hadithi ya sauti.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima mto ule ulikuwa mkavu. Wanyama walishuka, wakachimba visima mchangani, wakanywa, wakawanywesha watoto wao. Lakini mvua iliponyesha milimani, maji yalishuka ghafla kama ukuta, na huku bondeni jua bado linawaka. Aliyekuwa mtoni hakuwa na habari.

Kwa hiyo wanyama waliweka mlinzi. Mlinzi alikaa juu ya jiwe kubwa, kule mto unakotokea. Akiyaona maji, huimba. Wakimsikia, hupanda ukingoni. Mlinzi wa siku nyingi alikuwa Mama Kurumbiza, yule ndege mwimbaji, na enzi zake zote mto haukumchukua hata mmoja.

Mama Kurumbiza akafa. Jiwe akalirithi mwanawe.

Huyu mwana sauti yake ilikuwa tamu, tamu kweli. Harusi za ndege zote alialikwa yeye. Aliipandisha sauti, akaitetemesha, akaizungusha, na kanga wakapiga vigelegele. "Sauti kama hii haifundishwi," walimwambia. Naye akaamini. Asubuhi alilala mpaka jua likawa kali.

Alasiri moja wingu likatanda milimani. Kurumbiza akayaona maji yanakuja, mekundu, yamebeba magogo. Akaimba:

"Maji yaja, enyi ndugu,
ndugu zangu wa mtoni,
yaja maji, yaja maji,
ondokeni, ondokeni!"

Aliimba vilevile alivyoimba harusini. Lakini maji yalikuwa yananguruma, na hofu ilikuwa imemkaba koo. Pumzi ikamwishia katikati ya neno. Waliokuwa karibu na jiwe walisikia, wakakimbia. Waliokuwa mbali waliona wenzao wanakimbia, nao wakakimbia. Kule mwisho kabisa alikuwako Mama Paa na mwanawe, wameinamia kisima chao. Mama Paa aliinua kichwa maji yakiwa yamekwisha fika. Akaruka. Mtoto hakuwahi kuruka.

Maji yalipopungua, Mama Paa akapanda mpaka kwenye jiwe. Hakulia. Akauliza:

"Kurumbiza, uliimba?"

"Niliimba, mama."

"Mbona sikukusikia?"

Mama Paa akageuka, akaenda zake. Wanyama walipotaka kumwimbia mtoto wimbo wa maziko, aliwakataza. "Sitaki wimbo wa mtu yeyote," akasema.

Pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote, aliyekuwa mkuu wa wanyama, akamwambia Kurumbiza, "Shuka kwenye jiwe, tumtafute mwingine."

"Baba, nipe mpaka mvua zijazo," Kurumbiza akaomba. "Nitajifunza."

Akaenda kwanza kwa Kunguru.

"Sauti ni nguvu!" Kunguru akasema. "Kaza shingo, piga kelele!"

Kurumbiza akakaza shingo, akapiga kelele. Akapiga kelele, akapiga kelele, mpaka akatema damu. Sauti ikakauka, hata salamu hakuweza kuitikia. Alikaa kimya muda mrefu ndipo koo likapona.

Akaenda kwa Kasuku.

"Sauti yako ndogo," Kasuku akasema. "Azima ya mwingine. Nguruma kama Simba, nani asikusikie?"

Kurumbiza akajifunza kunguruma kama Simba. Siku ya kujaribu akapanda jiwe, akanguruma. Lo! Wote walisikia, mpaka Mama Paa kule mwisho. Lakini hakuna aliyepanda ukingoni. Walitawanyika ovyo, huyu huku, yule kule. Ngiri akawachukua watoto wake wote akawaficha ndani ya kisima, katikati ya mto. Kurumbiza akatazama, akaelewa. Wamesikia sauti, hawakusikia neno. Kama maji yangekuwa yanakuja kweli, Ngiri angebaki na nani?

Akaenda kwa Dudumizi.

Dudumizi ni ndege wa kwenye matete. Hana rangi ya kutazamwa, na wimbo wake ni mmoja tu: du, du, du, du. Kurumbiza alikuwa akimcheka zamani. Lakini wimbo ule husikika bonde zima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nakungoja. Imba nikusikie."

Kurumbiza akaimba. Dudumizi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama yako alikuwa akija hapa," akasema. "Kila alfajiri alikuja, mpaka alipougua. Hukujua?"

"Sikujua, bibi. Nilikuwa nimelala."

"Basi umerithi jiwe, hukurithi kazi. Lala chali."

Kurumbiza akalala chali kwenye nyasi. Dudumizi akamwekea kokoto tumboni.

"Pumzi unaiweka kifuani, nayo huko haikai. Ishushe tumboni. Vuta, kokoto ipande. Toa polepole, ishuke."

Kokoto ikaanguka. Wakaanza upya. Ikaanguka tena. Wakaanza upya. Kurumbiza alitamani kuimba, bibi akamkatalia. Ilikuwa pumzi asubuhi, pumzi jioni, mpaka kokoto ikaacha kuanguka.

Ndipo akamsimamisha. "Sasa legeza mabawa. Fungua koo kama mtu anayepiga mwayo. Hofu ikija italibana, nawe ulifungue tena. Kunguru alikwambia ukaze. Mimi nakwambia legeza, pumzi ndiyo ibebe."

Sauti ikaanza kutoka nene, imetulia. Kurumbiza akafurahi, akaanza kuizungusha kama zamani.

"Acha!" bibi akasema. "Anayekunywa maji hana masikio ya maneno mengi. Neno ni 'maji', neno ni 'pandeni'. Litoe zima mpaka mwisho wake. Kisha nyamaza, liache lifike."

Halafu akamuuliza, "Unamwimbia nani?"

"Nawaimbia wote, bibi."

"Wote hawana sura. Mwimbie mmoja, aliye mbali kuliko wote. Yeye akisikia, wengine wamesikia."

Kurumbiza akainamisha kichwa. Alimjua huyo mmoja ni nani.

Mvua zikarudi. Siku hiyo bondeni kulikuwa kweupe, watoto wanacheza mchangani. Kule mwisho Mama Paa alikuwa peke yake. Alikuwa akishuka pale kila siku, na wengine walinong'ona kwamba hajali tena mto ukija.

Kurumbiza akayaona maji. Koo likabana. Akalifungua. Akavuta pumzi, ikashuka mpaka tumboni. Akamtazama Mama Paa, mdogo kama mbegu kule mbali, akaimba:

"Maji! Pandeni!"

Akanyamaza. Neno likaenda.

"Maji! Pandeni!"

Ngiri akakusanya watoto. Kanga wakaruka. Pofu akapanda ukingoni. Mama Paa akainua kichwa, lakini hakuondoka. Maji yalikwisha pita jiwe, yananguruma. Kurumbiza akavuta pumzi ya tatu, akaitoa yote:

"Mama Paa! Panda, mama!"

Mama Paa akashtuka kama aliyeamshwa usingizini. Akaruka, akashika ukingo, akapanda. Maji yakapita chini ya kwato zake.

Wanyama wakashangilia. Kanga wakapiga vigelegele, wakataka wimbo wa furaha. Kurumbiza hakuwajibu, maana Mama Paa alikuwa anakuja, anatembea polepole kandokando ya mto. Alipofika akasimama mbele ya jiwe.

"Aliitwa Mwandani," akasema. "Mpaka leo hajaimbiwa."

Vigelegele vikakoma. Kurumbiza akashuka kwenye jiwe, akasimama ukingoni kando ya mama yule. Akavuta pumzi, akaimba taratibu, bila kuizungusha sauti. Jina la Mwandani likaenda na maji, bonde zima likalisikia. Na Mama Paa, ambaye hakuwa ametoa hata chozi moja, akapiga magoti, akalia.

Ndugu zangu, kuzaliwa na sauti tamu ni bahati. Kuifanya ifike ni kazi ya kila alfajiri. Na mwimbaji haulizwi kama aliimba, huulizwa kama alisikiwa.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokata pumzi. Mliyemsikia ni mimi. Mtakaoisimulia tena ni ninyi.