Aliyempokea Tuwakali

Hapo zamani za masultani wenye matumbo makubwa na masikio madogo, palikuwa na hamali mmoja akiitwa Tuwakali, mwembamba wa mwili, mpana wa mdomo. Alikuwa maskini hohehahe, na mkewe, Bi Mashavu, alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Mwenyewe akipenda kusema kwamba nyumbani kwake kila mtu amebeba kitu, ila mkewe hubeba cha kwake na yeye hubeba vya watu.

Basi Sultani wa mji ule, Mwinyihatibu, alikuwa na desturi ya kulalamika barazani kwamba mzigo wa utawala ni mzito kuliko mizigo yote. Maneno yale yakamfika Tuwakali sokoni, naye, kwa kuwa hakujaliwa akili ya kunyamaza, akasema yu tayari kubadilishana: Sultani achukue gunia la chumvi, yeye achukue utawala. Watu wakacheka, na kicheko kikafika hata kwa Sultani.

Ikawa akaitwa. Uani palikuwa na sanduku la mninga limejaa misumari. Sultani akanena, "Utalibeba peke yako mpaka kasri yangu mpya kilimani. Likikushinda, wewe na mkeo mtahama mji huu leo hii. Na mtu ye yote atakayekupokea njiani, mzigo utakuwa wake, aufikishe yeye. Kadhi ni shahidi."

Tuwakali akaingiwa na hofu kweli, maana akilini alimwona Bi Mashavu akijifungulia porini. Askari wakamtwika, akashika njia. Sultani, pamoja na Kadhi na askari, akamfuata kwa miguu, asikose raha ile.

Walipofika chini ya kilima, pumzi zilikuwa zikimwishia. Akaanza kuimba, kama ilivyo desturi ya mahamali, mmoja huimba na wenziwe humpokea:

"Kichwa ninacho kikubwa, ndani hamna akili,
Beba, mjinga, beba!"

Mahamali wenziwe waliokuja kutazama walisimama kando, hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Lakini Sultani alikuwa mpenda ngoma, na kumsikia mtu akijitukana kulimkolea. Tuwakali aliporudia ubeti, Sultani akadakia kwa sauti kuu, "Beba, mjinga, beba!"

Tuwakali akasimama. "Bwana wangu, ahsante kwa kunipokea."

Sultani akang'aka kwamba hakuligusa sanduku. Kadhi akashika ndevu, akafikiri sana, kisha akanena kwamba amri haikutaja kupokea nini, na aliyeitikia wimbo amempokea mwimbaji, jambo hilo hata watoto wanalijua. Basi askari wakamtwika Sultani.

Hatua chache tu, kilemba kikamwangukia puani, jasho likamtiririka, miguu ikakataa. Akaita, "Tuwakali ndugu yangu, nakufa. Nipokee."

Tuwakali akainamisha kichwa kwa adabu, akampokea:

"Beba, mjinga, beba!"

Watu wakatazamana. Sultani akaangua kicheko hata sanduku likamporomoka, misumari ikatapakaa, naye akakaa chini njiani akifuta machozi. Akawaacha Tuwakali na mkewe mjini, akawapa nyumba isiyovuja, wala barazani hakulalamika tena.

Nami hapa natua. Ningalikuwa mimi, ningalilibeba sanduku lile mpaka juu, maana kwa sauti hii yangu, hata mke wangu hajapata kunipokea.