Bi Mkamburi na Kijiti cha Kupimia Jua

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmelala? Paukwa!

PAKAWA!

Ehee, sasa twende.

Zamani hizo za kale, nguruwe mwitu walivamia mashamba ya kijiji kimoja cha milimani. Kwaru! Kwaru! Watu wakang'oa mihogo yote kabla haijaliwa. Lakini lo! Ilikuwa kipupwe. Na muhogo uliong'olewa, usipokauka ukawa makopa, unaoza. Na chakula kingine hakikuwepo, jamani!

Wakauanika kwenye mwamba wa mababu, mteremko wa kusini. Wakangoja. Haukauki. Wakaugeuza. Haukauki! Ukaanza kunuka. Vinu kimya.

Ndipo akaja Bi Mkamburi, bibi wa wajukuu mapacha waliokuwa wakilia njaa. Mkononi ana kijiti na bonge la udongo. Akakigandisha kijiti juu ya mwamba, kikasimama juu ya uso wa mwamba ulivyolala kama msumari ubaoni, kisiuinamie huku wala kule. Jua la adhuhuri likakipiga. Kivuli kikajinyoosha, ndeee!

"Kivuli kirefu, jua haba," akasema. "Tuhamie ng'ambo."

Mzee Mwadime, shemeji yake, mlinzi wa mwamba, akaruka juu. "We shemeji, we! Mababu walianika hapa!"

"Walianika kiangazi, shemeji. Jua lilikuwa limeegemea kusini. Sasa limeegemea kaskazini."

"Jua ni jua!"

"Haya, nifuate."

Wakapanda, hao! Wakashukia upande wa kaskazini. Akakisimamisha kijiti vilevile. Watu wakainama. Kivuli kiko wapi? Hakipo! Kimejificha chini ya kijiti chenyewe!

"Hakuna kivuli, jua tele!"

Vigelegele! Mwadime alikuwa wa kwanza kujitwika kapu. Mbio! Juu, chini, juu, chini, mzee anatweta na anacheka.

Makopa yakakauka, ukiyavunja yanalia kau! kau! Vinu vikaamka. Twa! Twa! Twa! Mapacha wakala ugali wakashiba, wakasinzia na tonge mkononi.

Bi Mkamburi alikuja kufariki, Mungu amrehemu. Lakini kila muhogo ulipong'olewa, vijana walimuuliza Mwadime: "Babu, tuanike wapi?"

Naye hakuwataja mababu tena. Alisema tu, "Leteni kijiti cha shemeji."

Ukirithi mila, wanangu, rithi na sababu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye muhogo na akaanike!