Taa ya Tano

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na kijiji juu ya mlima na soko chini ya mlima. Sogezeni vigoda. Aliye na mtoto anayelia amnyonyeshe kwanza, maana hadithi hii ina kesi ndani yake, na kesi haisikilizwi kwa sikio moja.

Kijiji kiliitwa Kwemhunde. Huko juu zilistawi kabichi, karoti na mapeasi. Huko chini ndiko walikokuwa walaji. Katikati ulilala mlima wenye kona nyingi, na akina mama waliushuka na mizigo kichwani, kisha wakaupanda na mizigo kichwani. Watoto wa Kwemhunde waliwajua mama zao kwa shingo kabla ya kuwajua kwa sura.

Lilikuwepo lori, fuso la Kupaza, ndiyo. Lakini Kupaza aliondoka alipotaka yeye na kurudi alipotaka yeye, na kabichi ziliponyauka alisema, "Mimi ni dereva, mimi si mvua."

Siku moja Bi Tabu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mboga, akasimama ghalani akasema, "Nimechoka kumbembeleza Kupaza. Nataka gari dogo la umeme. Paneli za jua tunazo hapo juu ya paa. Na lisiwe gari la dereva bingwa. Liwe gari langu na lako, gari la mtu aliyevaa kandambili."

Shekiondo, fundi wa redio na feni, akainua mkono. "Nitalitengeneza."

"Vizuri, fundi. Betri na mota ni za kikundi. Gari likishuka sokoni na kurudi na mzigo, utatutengenezea mengine, na hili la kwanza tutampa zawadi yule aliyelipandisha mlima. Lisiporudi, betri zitakwenda kwenye pampu ya kisima, maana kiu nayo inangoja."

"Zawadi ya mtu mmoja?"

"Mmoja. Cha wote hakina mwenyewe. Likichafuka litaoshwa na nani?"

Basi Shekiondo akaingia kazini. Alichukua fremu na gia za gari kuukuu lililokufa, akatoa injini, akafunga mota. Mbele ya usukani akaweka taa tano ndogo za kijani za kuonyesha umeme uliobaki. Betri zikijaa kabisa, taa zote tano huwaka. Lakini ukungu wa Kwemhunde mnaujua. Jua lilichungulia, likaona baridi, likarudi ndani. Kila siku ziliwaka taa nne, na ya tano haikuwaka hata mara moja.

"Hiyo ya tano imeungua," Shekiondo akasema. "Msiihesabu."

Mota ilikuja pia na waya mmoja wa buluu ambao hakuujua kazi yake. Mafundi wengine wakimaliza kazi hubaki na skrubu mkononi, wakaitia mfukoni kimyakimya. Shekiondo hakuwa fundi wa hivyo. Alitafuta tundu linaloufaa waya ule, akaufunga, akanawa mikono.

Gari likavishwa mabati mazito, likapakwa rangi nyeupe. Kupaza akalizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Jamani, hili ni gari au ni jokofu lenye magurudumu?"

Siku ya soko Shekiondo mwenyewe akaliendesha. Likashuka vizuri. Chini wakapakia gunia la unga na dumu la mafuta ya kula, wakaanza kurudi. Likapanda, likapanda, likapanda. Likasimama. Lilisimama kwenye kona ya mkaratusi, hata nusu ya mlima bado. Fuso la Kupaza ndilo lililolivuta hadi juu, na Kupaza alipiga honi njia nzima ili asiwepo wa kukosa kuona.

Ndipo akatokea Singano, seremala wa vitanda na makochi.

"Fundi, mota yako haina kosa," alisema. "Umemvisha mtoto koti la babu yake. Niachie mimi."

Akabandua mabati yote. Akakata mianzi, akaipasua, akaisuka, akatengeneza milango na mgongo wa gari kama mtu asukaye tenga la nyanya. Juu akatandika turubai. Viti vya chuma akavitupa, akasuka vya kamba. Alipomaliza, vijana wawili waliweza kuinua upande mzima wa nyuma huku wakiimba.

Kupaza akalizunguka tena. "Jokofu limekuwa tenga! Sasa tunaendesha au tunapakia nyanya?"

"Badala ya kucheka, liendeshe wewe," Singano akamwambia. "Si wewe unayejiita bingwa wa mlima?"

Sasa, mwanamume aliyejisifu mbele ya akina mama hana pa kupita. Kupaza akapanda. Alipofika kwenye mteremko alifanya kama wafanyavyo madereva wote wa kwetu, anavyofanya baba na anavyofanya mwana: alitoa gia, akaliachia gari lishuke bure, liserereke lenyewe. Kushuka fri, ndivyo wanavyoita, na wanasema kunabana mafuta. Akafika sokoni akipiga mluzi. Taa nne alizotoka nazo zilikuwa nne zile zile.

Wakapakia gunia la unga na dumu la mafuta. Likapanda, likapanda, likapanda. Likapita kona ya mkaratusi! Likapita kona ya pili na ya tatu! Juu kileleni akina mama walikwisha kupanga midomo, kigelegele kiko kwenye ulimi. Likasimama. Lilisimama kwenye kona ya mwisho, karibu kiasi kwamba Kupaza aliona rangi za kanga zao. Akina mama wakameza vigelegele vyao, na kigelegele kilichomezwa huumiza tumbo.

"Basi," Bi Tabu akasema jioni ile ghalani. "Soko lijalo ndiyo mara ya mwisho. Likishindwa, mtu wa pampu aje na spana zake."

Shekiondo akainamisha kichwa. "Nani ataendesha, mama? Kama bingwa ameshindwa?"

"Nilisema tangu mwanzo, gari la mtu wa kandambili. Likihitaji bingwa, basi hata likipanda si gari letu. Mwantumu! Toka huko nyuma ya mlango."

Mwantumu alikuwa muuza karoti, mama wa mtoto mmoja, mtu wa sauti ndogo. Leseni aliipata mwaka ule, na tangu aipate aliificha chini ya godoro, asije mtu akamtuma kuendesha.

"Mimi, mama? Mimi mlima huu nauogopa hata kwa miguu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Nami nitaketi pembeni yako."

Kupaza akamfundisha. "Dada, siri ni moja. Ukifika kwenye mteremko, toa gia, liachie. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Siku ya soko ikafika. Shekiondo na Singano wakatangulia sokoni kwa fuso la Kupaza. Mwantumu akashika usukani, Bi Tabu akaketi pembeni amekumbatia kabichi. Taa nne zikawaka. Mteremko ukaanza.

"Mwanangu," Bi Tabu akasema, "toa gia kama ulivyofundishwa."

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa nini?"

"Mkono umekataa kuachia usukani."

"Basi kanyaga mafuta kidogo, tutachelewa."

"Gari la umeme halina mafuta, mama. Na mguu nao umekataa."

Basi gari likashuka likiwa kwenye gia, bila kukanyagwa, polepole, likinguruma kwa ndani, mmmm, kama mama anayebembeleza mtoto. Kundi la mbuzi likawafikia kwa nyuma. Kisha likawapita.

"Wasalimie mbuzi, mwanangu," Bi Tabu akasema. "Waambie wakifika sokoni watushikie nafasi."

Mwantumu akacheka huku machozi yanamtoka, lakini mkono haukuachia, na mguu haukushuka. Walipofika sokoni karoti za wenzao zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Shekiondo akakimbilia dirishani.

"Kwema?"

"Kwema, fundi," Mwantumu akajibu. "Ila ile taa yako iliyoungua imepona."

Shekiondo akachungulia. Moja, mbili, tatu, nne. Na ya tano! Inawaka, kijani kibichi, kama jani la kabichi alfajiri. Singano akaja, akaigusa kwa kidole. Kupaza akaja, akaipuliza, labda ni mdudu wa kumetameta.

"Mmelitia umeme wapi njiani?" akauliza.

"Hatukusimama popote," Bi Tabu akasema. "Tungesimamaje, na mbuzi wametuacha?"

Shekiondo akaingia chini ya gari, akafuata waya kwa mkono, akakaa huko kitambo. Kisha wakamsikia akicheka peke yake. "Waya wa buluu! Gari likishuka likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo inazalisha umeme kama dainamo ya baiskeli. Mlima unatulipa! Kupaza, ulipotoa gia uliukimbia mlima nao umeshika malipo yako mkononi."

Wakapakia gunia la unga na dumu la mafuta. Likapanda, likapanda, likapanda. Likapita kona ya mkaratusi. Likapita ya pili na ya tatu. Likafika kona ya mwisho, taa moja tu imebaki na inapepesa kama jicho la mwenye usingizi. Juu akina mama waliziba midomo kwa kanga, maana safari hii hakuna aliyethubutu kupanga kigelegele.

Likapita.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilikuwa vya masoko mawili, vya siku hiyo na vile vilivyomezwa.

Sasa kesi. Bi Tabu akachukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Ufunguo ni mmoja. Aliyelipandisha mlima aseme."

Shekiondo akasema, "Mimi. Mota nimeifunga mimi, betri nimeziunganisha mimi, waya wa buluu nimeufunga mimi. Bila mimi mngekuwa mnasukuma tenga."

Singano akasema, "Mimi. Gari lako, fundi, lilikufa kwenye kona ya mkaratusi, na lingekufa hapo hata leo, taa tano au taa kumi. Nililipunguzia uzito kwa mikono hii. Na tena, waya wako uliufunga bila kujua kazi yake. Katika watu wote wa kesi hii, ni mimi peke yangu niliyejua ninachokifanya."

"Kujua si kupanda!" Shekiondo akafoka, huku anacheka.

Mwantumu alikuwa amejifunika kanga nusu ya uso. "Na wewe, mwanangu?" Bi Tabu akamwuliza. "Huna la kusema?"

"Ninalo, mama." Sauti ilikuwa ndogo, wa nyuma wakasogea mbele wamsikie. "Gari hili lilikuwa na mota ile ile na mianzi ile ile kaka Kupaza alipoliendesha, na halikufika. Nimeliendesha mimi, limefika. Zaidi ya hapo sijui."

"Lakini uliogopa tu!" Singano akasema. "Woga nao unapewa zawadi?"

"Niliogopa, ndiyo. Lakini mwoga aliyekubali kushika usukani si sawa na mwoga aliyebaki nyumbani. Na shingo hii, shemeji, inaujua mlima ule kuliko mianzi yako."

Akina mama wakapiga makofi. Ndipo Kupaza akajipenyeza mbele, kofia mkononi.

"Na mimi je?"

"Wewe!" Ghala likaangua kicheko.

"Chekeni. Kama mimi nisingekosea, Bi Tabu asingemtafuta mwoga, na taa ya tano mngeiita imeungua hadi leo. Kosa langu ndilo lililofungua njia."

Wakacheka tena. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, wakatazamana. Maana alisema upuuzi, lakini kupata pa kuukatia ilikuwa kazi.

Bi Tabu akashika pindo la kanga. Akamwendea Shekiondo, akaanza kufungua fundo, akaacha. Akamwendea Singano, akaanza kufungua, akaacha. Akamwendea Mwantumu, akamtazama shingo, akaanza kufungua, akaacha. Mbele ya Kupaza hakusimama, ila alipompita aligeuka nyuma mara moja.

Nje gari la mianzi lilikuwa likinywa jua kidogo lililokuwepo, taa ya pili ndiyo kwanza inawaka. Keshokutwa ni siku ya soko tena. Kabichi zimekwisha kuvunwa, zimepangwa mlangoni, na kabichi hazijui kesi.

Nami nimefika mwisho wa ninachokijua. Ufunguo bado uko kwenye pindo, nanyi ndio mlioketi ghalani. Haya, semeni: kama kanga ile ingekuwa yako, fundo lile ungelifungulia mbele ya nani?